Dirisha la Mama Katika Jumba la Watu

Jumamosi ile siisahau, mwanangu, maana ndiyo siku niliyojipa jumba lisilo langu. Nilikuwa kijana, mwaka wangu wa pili hapa Fort Worth, Texas, nikihudumia wagonjwa hospitalini, na nilikuwa na gari bovu lililonitia kiburi kupita kiasi.

Kanisani kwetu kulikuwa na mzee Mkongomani, Papa Bahati, aliyekuwa mwashi kule Bukavu. Hapa alipakia maboksi ghalani, lakini siku zake za mapumziko alizitumia kupiga picha majengo ya zamani. Hakuwa na gari, basi mimi nikawa dereva wake. Tulizunguka! Maghala marefu ya nafaka yaliyoachwa kando ya reli, kituo cha mafuta chenye paa lililochongoka kama kofia. Hata Houston tulifika, akapiga picha nyumba moja iliyovalishwa mikebe ya bia kuta zote. Mimi mlokole nikaguna, yeye akacheka mpaka kamera ikamtikisika mkononi. Kila alipofika aliweka kiganja ukutani kwanza, ndipo akainua kamera. Nilidhani ni uzee tu. Siku hizi nami nafanya vivyo hivyo.

Jumamosi hiyo tukafika kwenye jumba la mawe lenye mnara wa duara na kibaraza kipana. Lilikuwa zuri, mwanangu, zuri la kukunyamazisha. Nikamwomba anipige picha nikiwa kwenye ngazi zake, miwani ya jua usoni, mkono kiunoni. Picha nikaituma kwa mama yangu kule Kakamega, na nyuma yake nikaandika, "Mama, hapa ndipo nyumbani."

Sikusema ni langu. Ndivyo nilivyojitetea. Mama akaitundika sebuleni, akaita akina mama wa kanisa waje kuniombea, nami nikaona raha. Mwaka ukapita, akapata viza ya kuja kunitembelea. Akanipigia simu kwa furaha.

"Rehema, hiyo picha nimeiangalia sana. Sasa niambie, dirisha langu ni lipi?"

Nilikuwa nalala chumba kimoja na mwenzangu, ghorofa ya pili, dirisha likitazama mapipa ya taka. Nikamwambia simu haisikiki vizuri, nikakata. Nililia kwa aibu.

Nikamwendea Papa Bahati, nikitumaini atanisaidia kutafuta uongo mwingine. Alikunja uso.

"Binti, ile nyumba miye nilipiga photo juu ya mutu aliyechonga yale mawe. Iko kazi ya mikono yake. Weye ukasimama mbele, ukamufunika, tena ukadanganya mama. Mupigie simu leo."

Nikampigia, nikamweleza yote. Mama akauliza, "Kwa hivyo wewe unakaa wapi?"

Hilo ndilo lililonichoma. Mwaka mzima mama yangu alikuwa akiniombea katika nyumba nisiyokaa.

Jumamosi iliyofuata Papa Bahati akaja kwangu. Akaweka kiganja kwenye matofali ya ghorofa yetu, akapiga picha mlango, ngazi na dirisha lile, taratibu kama alivyolipiga jumba. Picha hizo nikazituma. Mama alipofika, alishuka garini, akainua macho, akanyoosha kidole kabla sijasema neno.

"Lile pale," akasema, akaanza kupanda ngazi.

Basi mwanangu, nakuona na simu yako, unavyopenda majumba ya mji huu. Yapige picha. Yashangae, uliza ni nani aliyeyajenga, gusa kuta zake. Lakini ukituma picha nyumbani, tuma na ya mlango wako mwenyewe, hata kama rangi imebanduka, ili wanaokuombea wajue pa kukupata. Mungu akujalie jumba lako siku moja. Na kabla hujalipata, akubariki hapo hapo unapolala.