Siku Niliyopanda Kilima kwa Rivasi

Siku niliyokwenda kuomba kazi ya kwanza nilivaa viatu vya kaka yangu, nikavijaza karatasi ili visinitoke. Ghala moja la kahawa pale Kisii lilitaka dereva. Mimi ni mtu wa darasa la tatu, lakini usukani nilikuwa nimejifunza kwa macho, nikikaa kando ya madereva wa malori kutoka Suneka hadi mjini. Meneja wa ghala alinitazama kuanzia viatu kwenda juu.

“Unajua kusoma?”

“Najua kuendesha, bwana.”

“Nimekuuliza kusoma.”

“Barabara ya Suneka haijaandikwa kitu, bwana.”

Akacheka mpaka akakohoa, kisha akanirushia ufunguo wa lori. Wenye vyeti walibaki langoni na bahasha zao. Sisemi kwa majivuno, nasema ilivyokuwa.

Meneja huyo alikuwa mkali juu ya kitu kimoja: kioo cha ndani, kile cha juu ya dereva kinachomwonyesha yaliyo nyuma. “Hujakiweka sawa, usiwashe,” alikuwa akisema. “Dereva asiyejua nyuma yake kuna nini, mpakie pamoja na magunia.” Neno hilo nililishika kuliko mengi niliyoambiwa kanisani.

Baadaye nikahamia Nyamira kumwendesha mkaguzi wa shule. Yeye alikuwa na gari dogo la familia, milango minne, rangi ya chai yenye maziwa. Hapo ndipo nilipojua gari dogo lina adabu zake. Asubuhi ya baridi unavuta choki, yaani unaipunguzia injini hewa ili petroli iwe nzito na moto ushike, lakini ukiisahau nje, gari linanywa kama mlevi. Mkaguzi alipohamishwa, aliniuzia mimi. Alisema hajaona mtu anayelisikia gari lile kama mimi, na hakukosea. Gari la mwajiri unalisikia kwa masikio. La kwako unalisikia tumboni.

Nikarudi nyumbani Birongo nalo, gari la kwanza la mtu wa kwetu. Nilibeba maharusi, wazee wa kanisa, wagonjwa. Watu walidhani kazi ni kukanyaga mafuta. Kazi yenyewe ilikuwa kupanga watu. Sisi Abagusii tuna chinsoni, ile heshima ya wakwe kuoneana haya: humshiki mama mkwe mkono, hukai karibu naye, humkazii macho. Sasa mpakie huyo kwenye gari ambalo magoti yanagusana! Mimi nilijua nani akae mbele, nani nyuma, nani asubiri safari ya pili. Hakuna aliyewahi kushuka garini mwangu ameaibika.

Halafu zamu ikanifikia mwenyewe.

Ilikuwa Jumamosi ya mvua, Sabato, na barabarani hakupiti kitu. Mke wangu akaja mbio kutoka kwao. Mama yake alijikata mguu kwa jembe siku kadhaa nyuma, akaficha. Sasa mguu ulikuwa umevimba mpaka gotini, na mhudumu wa zahanati alikuwa amesema afikishwe Kisii siku hiyo hiyo, la sivyo mguu utakatwa.

Nikaleta gari. Mama mkwe, mjane mkavu kama kuni, akakataa kutoka nje.

“Mwambie huyo mkwe,” akamwambia binti yake, nami nasikia, “nitakufa kwangu, lakini sitabebwa nyuma ya mgongo wake kama mtoto.”

“Mama, utakatwa mguu!”

“Waukate. Haya itabaki.”

Nilifikiri haraka. Nikafunga shuka kati ya viti vya mbele na vya nyuma, kama pazia. Kisha nikafanya jambo ambalo Meneja angenifukuzia kazi: nikakigeuza kioo cha ndani kikatazama paa. “Mama Nyaboke,” nikamwita mke wangu, “mwambie sasa mimi sina macho ya nyuma.” Mama mkwe akakagua kila kitu, akaingia.

Tulivuka daraja, tukakianza kilima. Katikati, matope yakatushinda. Gia ya kwanza ikaguna, injini ikazima, tukateleza kurudi mpaka darajani. Nikajaribu tena, hivyo hivyo. Nyuma ya shuka nilisikia mama mkwe akivuta pumzi kwa meno.

Dereva wa kweli anajua kwamba kwa gari dogo kama lile, rivasi, ile ya kurudi nyuma, ndiyo gia yenye nguvu kuliko zote. Nikaligeuza darajani, mkia ukaelekea juu. Mke wangu akashuka ili tupunguze uzito, akaanza kusukuma kwa mbele, matope mpaka kiunoni. Lakini nitaonaje? Kioo kinatazama paa, na vya pembeni gari halina. Kugeuka siwezi, shuka iko pale, na nyuma ya shuka yuko mama mkwe. Nikatoa kichwa dirishani: naliona gurudumu la upande wangu tu, na korongo liko upande wa pili.

Tulipanda hatua chache. Gari likaanza kuvutwa pembeni.

“Upande wa chai!”

Sauti ilitoka nyuma ya shuka. Tangu nioe, mama mkwe hakuwahi kunielekezea neno moja.

“Upande wa chai, nimesema! Unataka kunizika kwenye korongo?”

Kulia na kushoto zingetuua, maana yeye alikuwa ameelekea nyuma na mimi mbele. Lakini chai ilikuwa upande mmoja wa barabara na migomba upande mwingine, na hiyo haibadiliki.

“Sasa migomba. Kidogo! Wewe, kidogo! Ulifundishwa na nani?”

“Na Meneja, mama.”

“Alikudanganya. Chai! Chai! Hapo, nyooka.”

Akatupandisha hivyo mpaka juu, na kama mke wangu alivyoniambia baadaye, alikuwa amepiga goti zima kwenye kiti, anatazama kioo cha nyuma, mguu mbovu ameunyoosha. Mke wangu akaingia akihema. Nikaligeuza gari, na mpaka Kisii mama mkwe hakunisemesha tena.

Mguu ulipona.

Mwaka huu nimeachia usukani. Gari limechoka na mgongo wangu pia. Nyinyi vijana mnaojifunza siku hizi, ulizeni, mtaambiwa sijawahi kuangusha abiria. Nimeendesha wakubwa na hakuna aliyewahi kunifundisha mara mbili. Ila nikipita kwa miguu karibu na shamba la chai la mama mkwe, yeye akiwa katikati ya majani, hanitazami kamwe. Anayaambia majani yake kwa sauti: “Upande wa chai!”

Nami nasogea.