Kambale wa Shangazi

Harufu ya kambale wabichi sokoni hunipandisha hasira mpaka leo. Shangazi alimfuga mmoja kwenye tangi la kioo sebuleni, pamoja na perege wadogo. Mchana kutwa kambale alilala chini ya kigae cha chungu, na kila asubuhi perege walikuwa wamepungua.

"Unawapeleka wapi samaki wangu?" shangazi aliniuliza, fimbo mkononi.

"Ni kambale, shangazi. Anawala usiku."

"Unamsingizia samaki?" Akanichapa.

Walipokuja wageni kutoka Igunga, akampasua kambale awapikie. Tumboni mlikuwa na perege wawili wazima. Akawatazama, kisha akanitazama. Wakati wa kula akanipakulia mnofu mkubwa kuliko wa wageni. Nikausukuma. Akanichapa tena, mbele yao, kwa kudharau chakula.