Supu Niliyofundishwa Kupitia Ukuta wa Mbao

Nakumbuka siku moja, Mwenda mwanangu, wewe ukiwa na siku nne tu duniani, na mimi nikiwa na ndevu chache na majivuno mengi. Lakini kabla sijafika huko, shika kisu hicho na umenye vitunguu. Jana ulinipigia simu ukaniambia mkeo ametoka hospitali na mtoto, na hataki kula chochote. Kisha ukaniuliza ni hoteli gani hapa Kinoru inauza supu nzuri. Simu ilipokatika ulidhani ni mtandao. Nilikata mimi. Nimetoka Nkubu leo asubuhi na kikapu cha vitunguu na mfupa, kwa sababu swali lako lilinichoma.

Mama yako alikuzaa kwa shida. Tulipomleta nyumbani hakuwa na nguvu hata ya kuketi. Majirani walileta uji, akauangalia tu. Maziwa hayakutoka, nawe ukawa unanyonya hewa na kulia mpaka sauti ikakukauka. Niliogopa sana, mwanangu. Niliogopa nitawazika wawili.

Sasa mimi supu niliijua moja tu, ile ya wanaume. Kichwa na miguu ya mbuzi, na ile mizizi michungu tunayoinywea pale machinjioni huku tumesimama tukisifiana. Nikaipika nje uani, maana siku hizo jikoni hapakuwa mahali pangu. Nikampelekea mama yako bakuli limejaa, nikasimama nikingoja anisifu. Alikunywa mara mbili akatapika yote. Badala ya kumshika mgongo, nikamwambia ana madharau. Nilisema hivyo kwa mwanamke aliyejifungua siku nne tu zilizopita, na mpaka leo nikikumbuka naona haya.

Mchana huo mama mkwe wangu akafika kutoka Embu. Jina lake silitaji, unajua mwenyewe ile heshima. Alikuwa ameanguka shambani kwenye kahawa, mkono wa kulia umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko, lakini alikuja. Unajua pia kwamba wakati ule mtu na mama mkwe wake hawakukaa chumba kimoja kidogo, wala hawakutazamana usoni, na kula mbele ya mwenzake ndiyo kabisa haikufikiriwa. Nilimpisha, akaingia kwa mama yako. Baada ya muda nikasikia akimwaga supu yangu kwenye migomba.

Akaja akaketi kwenye kigoda nyuma ya jikoni, upande ule wa ukuta wa mbao, mgongo wake ukiwa kwangu.

"Baba Mwenda, uko hapo?"

"Niko, mama."

"Hii uliyopika ni ya watu walioshiba. Mtoto wangu amechoka, ukampa uchungu, kisha ukamkemea. Wewe una mikono mingapi?"

"Miwili, mama."

"Mimi leo nina mmoja. Ingia jikoni."

Niliingia, mwanangu, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kufunga mlango, kwa sababu njia ya kwenda kiwandani ilipita pale pale na rika langu walikuwa wakipeleka kahawa. Akasikia komeo. Akasema, "Fungua, moshi utakuua. Wakikuona, wakuone ukifanya kazi." Nikafungua. Walipita wawili ninaowajua. Mmoja alicheka mpaka gunia likamteleza begani.

Akaniambia nikate vitunguu vyekundu vinane, vyembamba, nivitie kwenye siagi na chumvi kidogo. Mfupa alioniambia niubandike kwanza ulikuwa unachemka jiko la pili, mtupu, bila mizizi. Mimi nikachochea moto ili nimalize haraka nitoke. Hakuwa akiniona, lakini alikuwa akisikia. "Vinapiga kelele," akasema. "Toa ukuni mmoja." Nilijifanya sikusikia. Haukupita muda akasema, "Nasikia harufu ya kuungua. Mwaga, uanze tena."

Nilikuwa mtu mzima, nina mke na shamba, naamrishwa na ukuta. Nilimwaga. Nikakata vingine vinane huku macho yananitoka machozi, na sikujua tena kama ni vitunguu au ni aibu. Safari hii nilitoa kuni mbili bila kuambiwa. Vikawa vinanong'ona tu chini ya mwiko. Nikavigeuza, nikangoja, nikavigeuza tena. Vililegea, vikawa vya manjano, na polepole vikafika rangi ya asali ya Mbeere. Akaniambia ninyunyize maji kidogo na nikwangue kile kilichoshika chini ya sufuria, maana utamu umelala pale. Ndipo nikamimina mchuzi wa mfupa.

"Onja," akasema.

"Nimeonja."

"Usiniambie umeonja. Niambie imekosa nini."

Nikafikiria. "Chumvi kidogo."

"Basi unajua."

Mama yako alikunywa bakuli zima akiegemea bega langu, kwa sababu safari hii niliketi. Nilimwomba msamaha, naye akanyoosha lile bakuli tupu akaomba la pili. Kesho yake asubuhi ulinyonya ukashiba, ukalala na mdomo wazi. Sijawahi kuvuna kitu shambani kilichonifurahisha kama usingizi wako ule.

Tangu siku hiyo mlango wa jikoni sikuufunga tena. Nimewapikia shangazi zako wote walipozaa. Nimejifunza na supu ya malenge na tangawizi kwa wenye mafua, na ya ndengu iliyopondwa kwa wazee wasio na meno. Hata yule aliyeangusha gunia, mkewe alipofanyiwa upasuaji, alikuja na chupa ya chai tupu akasimama mlangoni akikohoa kohoa. Nikamjazia. Najivuna, ndiyo, na huko Nkubu wananiachia nijivune.

Miaka mitatu iliyopita bibi yako, yule mama mkwe wangu, alikuwa amelala kwa mjomba wako, pale mtaa wa Dallas, Embu, naye amekataa chakula siku tatu. Nilienda nikapika katika jiko lao la gesi, moto wa chini kabisa, nikatuma bakuli ndani. Mimi nikaketi nje chini ya dirisha lake, inavyopasa. Nikasikia sauti yake. "Baba Mwenda, ingia."

Niliingia nikitazama sakafu. Akaniambia niketi. Kisha yule mama, ambaye maisha yetu yote hakuwahi kutia tonge mdomoni nikiwapo, akala mbele yangu. Alikula polepole mpaka kijiko kikagonga chini ya bakuli. Akajipangusa, akasema, "Hukuviharakisha." Nililia palepale mbele ya mjomba wako.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Mgonjwa wako usimtafutie hoteli kabla hujaingia jikoni kwako. Usimpikie kile unachosifiwa nacho, mpikie kile mwili wake unaweza kupokea. Usione haya mlango ukiwa wazi. Ukiunguza, mwaga uanze tena, na usimkemee mtu kwa kosa la mkono wako. Akila, keti karibu naye.

Sasa washa gesi, uvitie vitunguu kwenye siagi. Mimi natoka, nitakaa kwenye kiti upande ule wa ukuta, na masikio yangu bado ni mazima. Mungu aibariki mikono yako miwili, amjalie mjukuu wangu ashibe na kulala, na mkeo akunyooshee bakuli tupu aombe la pili. Lakini punguza moto huo, Baba mtoto. Vinapiga kelele.