Sanduku la Picha Zisizochukuliwa

Mzee Dishon alipiga hodi kabla ya kuingia chumba chake cha giza cha kusafishia picha, hata siku ambazo ufunguo wa pekee ulikuwa mfukoni mwake. Aligonga mara mbili, akasubiri, ndipo akafungua. Alisema zamani alikuwa na mwenzake humo ndani, na mlango ukifunguliwa ghafla mwanga huharibu kazi. Mwenzake alifariki mwaka wa 1982. Hodi ilibaki.

Nilimfahamu mwaka wa 1993. Nilikuwa mwalimu niliyetoka chuoni juzijuzi, nimepanga chumba mtaa wa Kondele, karibu na studio yake. Maduka ya picha za rangi yalikuwa yamejaa mjini. Mashine ilitoa picha kwa saa moja, na studio yake ya nyeusi na nyeupe ikabaki na vumbi. Basi akatafuta njia mbili za kuishi. Jumamosi alitufundisha watu sita katika ukumbi wa kanisa: kushika kamera, kupima mwanga, kusafisha filamu. Siku nyingine alibeba sanduku la picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, za miaka kumi na mitano, akazunguka nazo masokoni na kwenye fuo za ziwa, ili anayejiona ajinunue. Sisi wanafunzi tulifuatana naye kwa zamu. Alisema huwezi kujifunza picha kabla hujamwona mtu akiitazama.

Sokoni Otonglo, wanawake wauza samaki walimcheka.

"Mzee, hii koti nimeona kwa wanaume tisa!"

"Ni koti ya studio, mama. Na hiyo tai pia."

"Basi niuzie koti. Mwanaume nitajitafutia."

Alicheka nao. Lakini wengi walionunua walikuwa wafiwa. Mtu alipekua akitania, kisha mkono wake ukasimama na utani ukaisha. Nilianza kuuogopa mkono huo unaposimama.

Mwezi wa Agosti zamu yangu ilinipeleka ufuoni Usenge. Tulitandaza picha juu ya turubai, karibu na mizani ya samaki. Akaja mama mmoja aitwaye Selpha, pamoja na mke wa mwanawe, Milka, aliyekuwa na mtoto mgongoni. Selpha hakupekua sana. Alitoa picha ya kijana aliyevaa koti lile lile, akapiga magoti nayo mchangani.

"Huyu ni Joram. Huyu ni mtoto wangu."

Akatueleza bila kuinua macho. Joram alizama Pasaka ya 1989. Mtumbwi ulipatikana, yeye hakupatikana. Walingoja wiki nzima, kisha wakafanya vile inavyofanywa mwili ukikosekana: walichimba kaburi, wakazika tunda la mwegea, lile refu na zito ambalo Waluo huliita yago. Matanga yalipoisha, ndugu yake alimrithi Milka. Mtoto huyu wa mgongoni alikuwa wa pili kwa mume huyo.

"Tangu nizike hilo tunda," Selpha alisema, "nikimwota hana uso. Anakuja, anasimama mlangoni, hana uso. Mzee, hii picha alipiga lini?"

Dishon aliigeuza picha. Nilikuwa nyuma ya bega lake, nikasoma penseli yake bila shida, maana safari hii alikuwa ameandika kwa tarakimu kubwa kuliko kawaida: 17 Juni 1989.

Hesabu hiyo haikuhitaji chuo. Karibu miezi mitatu baada ya kuzama, Joram alikuwa ameketi kwenye kiti cha studio Kondele, koti la watu mabegani, akitazama kamera.

Dishon alimtazama Milka. Milka alikuwa amerudi nyuma hatua moja, akimpigapiga mtoto ingawa mtoto hakuwa akilia. Kisha Dishon akamtazama yule mama aliyepiga magoti. Akatoa penseli nyuma ya sikio, akaigeuza upande wa raba, akasugua tarehe taratibu kama mtu anayepangusa vumbi.

"Kabla," alisema.

"Kabla ya Pasaka?"

"Kabla, mama. Chukua. Hii siuzi."

Selpha alimshika mikono yote miwili akamwombea baraka, maombi marefu. Nami nikaanza kukusanya picha nyingine kutoka kwenye turubai.

Dishon hakulibeba tena lile sanduku. Mafunzo aliyaendeleza hadi Desemba, lakini mwanamume yeyote akipita dirishani, Mzee alikatiza maneno, akamfuata kwa macho mpaka apotee. Sisi wengine tulingoja, kalamu mkononi.

Mwaka wa 1996 tulisikia redioni tangazo la kifo cha Selpha. Dishon alikwenda mazishini bila kualikwa, na filamu nne. Alimpiga picha kila mtu: waliolia, waliopika, waliosimama kando.

"Mtu akisikia mama yake amekufa atakuja," aliniambia. "Hata kama ni kusimama mbali."

Tulikaa siku mbili katika chumba cha giza, tukizipitia nyuso moja moja kwa kioo cha kukuzia. Kwenye picha moja, ng'ambo ya ua wa miti ya utomvu, alikuwepo mwanamume peke yake. Alikuwa ametikisika wakati picha ikipigwa. Tulimkuza mara tatu, na kila tulipomkuza uso ulizidi kuvunjika kuwa chembe za kijivu, mpaka karatasini pakabaki kama mvua. Dishon aliitundika ikauke pamoja na nyingine. Hakuiandika kitu nyuma.

Mwaka wa 1998 kifua kilimlaza nyumbani kwake, ng'ambo ya Otonglo. Nilimpelekea maziwa na mkate, nikaketi kwenye kigoda kando ya kitanda. Alikuwa amekonda, na macho yake hayakutoka mlangoni. Nilitaka kumpunguzia mzigo, au labda wangu, maana nami niliiona tarehe ile nikameza maneno.

"Mzee," nikamwambia, "picha zilikuwa nyingi mwaka ule. Labda ulikosea tarehe tu."

Alifumba macho. Kisha akasema maneno yake ya mwisho kwangu.

"Sikukosea, Mwalimu. Yule kijana alisema mama yake ndiye atakuja kuichukua. Nikataka kuandika jina, akanizuia. Akasema, 'Jina mama analijua. Wewe andika tarehe, na uiandike kubwa.'"