Mwaka Niliokuwa Macho ya Kocha

Sikuwahi kuupenda mpira. Nyumbani, kaka zangu walipoanza kubishana kuhusu timu zao za Ulaya, mimi nilichukua beseni nikaenda kufua. Kilichoniingiza kwenye klabu ni mashine ya fotokopi.

Nilikuwa na kibanda Kondele, karibu na steji ya bodaboda, nikichapa barua na kutoa nakala za vitambulisho. Ng'ambo ya barabara, chini ya mwavuli uliopauka kwa jua, aliketi fundi viatu mmoja, mzee wa miaka sitini na kitu, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Ndiye aliyekuwa kocha wa timu ya mtaa wetu. Kila Ijumaa alivuka barabara na bahasha ya kadi za wachezaji, nami nikamchapia orodha ya kikosi cha kesho yake, maana refa mmoja aliwahi kuikataa ile aliyoiandika kwa mkono.

Ijumaa moja aliipokea orodha, akaiangalia kwa muda, akaikunja. "Nyara," akasema, "katibu wetu amepata kazi Nakuru. Wewe ndio unajua kuandika. Kesho kuja uwanjani."

Nyara kwa Kijaluo ni binti yangu. Mtu mzima akikuita hivyo kwa upole, kumkatalia si rahisi. Nilienda nikidhani nitakaa wiki mbili.

Ligi yetu ilikuwa ile ambayo hakuna redio inayotangaza matokeo yake. Tulichezea uwanja wa shule ya msingi, ulioinama upande mmoja, hivi kwamba kila timu ilitaka kushambulia kuelekea choo cha walimu. Wachezaji wetu walikuwa waendesha bodaboda, mafundi wa kuchomelea vyuma na wauza mitumba. Kipa alikuwa kinyozi. Kwa wote hao Jumamosi ndiyo siku nzuri ya kazi, na Jumamosi hiyohiyo ndiyo siku ya mechi. Kanuni ilisema timu ikikosa kufika uwanjani mara tatu inaondolewa kwenye ligi, na sisi tulikuwa tumekosa mara mbili. Asubuhi za Jumamosi nilizunguka Kondele nikiwatoa wachezaji kazini mmoja mmoja, kama mama anayekusanya watoto wakaoge.

Na kila tulipopata kijana anayeujua mpira kweli, timu kubwa ilimchukua. Winga wetu bora alipoondoka katikati ya msimu nilikasirika karibu nilie. Kocha yeye alimshonea viatu vyake upya, akavipaka rangi, akampa.

"Mtoto akipata mahali pazuri unamfungulia mlango," aliniambia. "Ukimfungia atatokea dirishani, na hatakusalimia tena."

Ilikuwa mechi iliyofuata, bila yule winga, ndipo nilipogundua. Nilikuwa nimekaa karibu naye kwenye benchi. Mpira ulikuwa umeshatoka nje, kipa wa wale wengine ameushika mkononi, na kocha akasimama akapiga kelele, "Piga! Piga sasa!" Watu wachache walicheka wakidhani ni mzaha. Aliketi. Baada ya muda akaniinamia akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Nyara, mpira uko upande gani?"

Nilimtazama usoni. Macho yake yalikuwa wazi, yameelekea uwanjani, na hayakuwa yakifuata chochote.

"Uko kwetu," nikasema. "Upande wa kushoto."

"Asante."

Jumatatu nilivuka barabara, nikaketi kwenye kigoda cha wateja wake. Alikuwa akishona kiatu cha shule kwa kupapasa, kidole gumba cha kushoto kimejaa matobo madogo ya msumari wa kushonea. Akaniambia bila mimi kuuliza. Hospitalini walikuwa wamemwambia ni presha ya macho, kwamba alichelewa kwenda, na dawa ya matone ingeshikilia kile kilichobaki lakini isingerudisha kilichopotea. Alikuwa bado anauona mwanga, na watu waliosimama karibu kama vivuli. Uwanjani, alisema, aliona tu rangi ya nyasi.

"Wachezaji wanajua?"

"Hapana. Na usiwaambie." Akakata uzi kwa meno. "Wakijua watanionea huruma. Timu ikianza kucheza kwa huruma imekwisha."

"Sasa utafundisha namna gani, Kocha?"

"Wewe utaangalia, mimi nitafikiri."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuwa macho yake. Mwanzoni nilikuwa macho mabovu. Nilimwambia, "Yule mrefu amempa yule mwenye nywele nyingi, sasa wanasukumana, ai, ameanguka." Alivumilia dakika kumi hivi.

"Nyara, nywele hazichezi mpira. Niambie miguu. Huyo mwenye mpira, mwili wake umeelekea wapi? Na nyuma yake kuna nani?"

Sikuwa najua kwamba ungeweza kuangalia nyuma ya mtu mwenye mpira. Macho yangu yalikuwa yakiufuata mpira kama kuku anavyofuata punje. Alinifundisha kuuacha uende, nitazame nafasi iliyobaki wazi. Alinifundisha kumtambua beki aliyechoka kabla mwenyewe hajajua: atashika kiuno, atafunga kamba za viatu zilizofungwa tayari, atamlaumu mwenzake. Jioni, wateja wakipungua, nilivuka barabara na vifuniko vya soda, nikavipanga kwenye sanduku lake la kazi. Yeye alivigusa kwa vidole akaona timu nzima.

Mimi ambaye nilikimbia kelele za kaka zangu nikawa naota mpira. Niliamka nikijua kwa nini tulifungwa.

Watu wa mtaani walianza kusema. Mama mmoja wa mboga aliniuliza kwa nini nanong'onezana na mzee wa watu kwenye mechi kama wachumba. Nilicheka nikamwambia ananifundisha kazi ya ukatibu. Kutunza siri kwa ajili ya mtu unayempenda huchosha. Usiku wa Ijumaa niliombea tu mvua isinyeshe, maana mvua ikipiga mabati ya shule Kocha hakuweza kunisikia.

Msimu ulipofika mwisho maji yalikuwa shingoni. Tulibakiza mechi moja, ugenini Luanda Kotieno, na tulihitaji angalau sare ili tusishushwe daraja. Tulifika wachezaji kumi na mmoja kamili, hakuna hata mmoja wa akiba. Fundi wetu wa vyuma alikuwa ameacha geti la kanisa limechomelewa nusu.

Uwanja wao uko karibu na ufuo, na siku hiyo upepo ulivuma kutoka ziwani moja kwa moja kwenye masikio yetu. Dakika tano za kwanza nikajua mambo yameharibika. Nilisema, kocha akasema, "Eh?" Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, mshika kibendera wa pembeni akageuka kututazama. Nikanyamaza. Kocha akashika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Sijawahi kumwona mtu akisikiliza vile, kichwa kimeinama, midomo imebana. Tukafungwa bao moja, na alijua tu kwa shangwe kwamba halikuwa letu.

Hapo nahodha wetu, beki wa kati, akaupokea mpira na kupaza sauti, "Nne ninao! Nne katikati!"

Nne ilikuwa namba ya jezi yake. Akampasia kiungo, na kiungo akaitikia, "Nane! Nane nageuka kulia!" Na winga kule mbali, kwa sauti iliyoushinda upepo, "Saba niko wazi!"

Mashabiki wa pale waliangua kicheko. Mmoja aliuliza kama tumeleta timu au darasa la hesabu. Wachezaji wetu hawakujali. Kila aliyeugusa mpira aliita namba yake na mahali alipo, na kocha kando yangu akaanza kunyooka taratibu, uso wake ukifuata mpira kutoka kulia kwenda kushoto.

Mapumzikoni nilimvuta nahodha pembeni. "Mnafanya nini?"

Alinitazama kwa heshima, lakini kama mtu anayemtazama dada yake aliyechelewa kuelewa. "Mama Katibu, sisi tunajua tangu mvua za Aprili. Alimshonea kipa viatu, soli ya kushoto akaiweka kulia. Kipa amecheza navyo hivyo mpaka leo, hakutaka kumwambia."

"Na hamkusema?"

"Hata nyinyi hamkusema."

Kipindi cha pili nilirudi kukaa na machozi yananilenga. Kocha akaniuliza ninaona nini ambacho wachezaji hawawezi kukiita. Nikatazama kama alivyonifundisha. "Beki wao wa kushoto ameshika kiuno," nikamwambia sikioni. "Sasa anafunga kamba."

Akasimama. "Mpira yote kwa saba!" akapaza sauti. "Yote! Mpaka huyo mtu akae chini!"

Walimpelekea saba. Mara ya nne beki yule hakuweza kugeuka tena, winga wetu akampita, akakata krosi ya chini, na namba tisa akaisukuma ndani kwa goti. Sasa ni bao moja kwa moja. Kocha hakurukaruka. Alinishika mkono akauliza, "Goti au mguu?"

"Goti."

"Nilisikia," akasema, akacheka kama mtoto.

Natamani ningesema iliishia hapo. Zikiwa zimebaki dakika chache wakapata kona. Upepo ukauchukua mpira, ukaupinda juu ya mikono ya kipa wetu, ukaingia bila kuguswa na mtu. Hakukuwa na wa kulaumu. Filimbi ilipolia kipa alijifunika uso kwa glavu, na vijana wetu wakakaa chini pale walipokuwa. Tulikuwa tumeshuka daraja.

Waliotufunga hawakutuacha tuondoke na njaa. Mama mmoja wa pale ufuoni alitukaangia samaki, tukala kwa ugali moto tukiwa tumeketi kwenye mawe, jezi zimelowa jasho. Kocha alingoja kila mtu anawe mikono. Kisha akasimama, akavua kofia.

"Kuna jambo nimewaficha," alianza. "Macho yangu…"

"Kocha," nahodha akamkatiza, "tunajua."

Nilidhani atakasirika. Aligeuza uso kuelekea nilipokuwa.

"Nani amewaambia? Nyara?"

"Hakuna mtu," kipa akasema. Akanyanyua mguu wake, akaushika mkono wa mzee na kuuweka juu ya soli ya kiatu. Kocha akaipapasa kutoka kisigino hadi kidoleni, akarudi tena, akaligundua kosa lake. Kicheko kilimtoka kwa ghafla mpaka akalazimika kukaa.

"Kwa hivyo hiyo makelele yote ya namba leo…"

"Upepo ulikuwa mkali, Mzee," akasema namba saba. "Tulijua Mama Katibu hatasikika."

Kocha alifuta macho kwa kofia. "Mmeshuka daraja," akasema baadaye, "lakini leo mmecheza mkiongea. Miaka yote nimewaambia muongee uwanjani, hamkunisikia. Kumbe nilihitaji tu kupofuka."

Wakacheka, na baadhi yetu tulikuwa tunalia.

Mwezi uliofuata alirudi kijijini kwao, Pap Onditi. Mke wake alikuwa akilima huko peke yake, na msumari wa kushonea ulikuwa umeanza kumwumiza vibaya. Siku ya kuondoka alinipa filimbi yake. Nilimwambia nitaitunza mpaka tupate kocha. Akasema vijana kocha wameshampata. Nilikataa kwa wiki tatu. Nahodha alikuja na wenzake, wakasimama kibandani, wakawazuia wateja wangu, mpaka nikakubali.

Msimu wangu wa kwanza tulifungwa mara nyingi. Makocha wa timu nyingine walinisalimia kwa kumwuliza nahodha kocha yuko wapi. Shule nayo ikajenga madarasa kwenye nusu ya uwanja, tukawa wageni wa kila mtaa, tukifanya mazoezi popote tulipopewa nafasi. Bado hatujapanda daraja. Lakini hatujawahi tena kukosa mechi.

Kila Jumamosi jioni nampigia simu kocha wangu. Miezi ya kwanza nilimsimulia mechi nzima, miguu, migongo, nafasi zilizobaki wazi, mpaka salio likaisha. Siku moja akanikatiza.

"Nyara, ulichoona nakiamini. Niambie ulifanya nini."

Nikamwambia nilimtoa namba tisa dakika ya sitini, mwenyewe akiwa bado anataka kucheza, nikamwingiza kijana mpya ambaye hakuna aliyemjua, na mashabiki wakanizomea.

"Halafu?"

"Tukatoka sare."

Nilisikia kuku nyuma yake, na mke wake akimwita aje anywe chai.

"Mimi ningemtoa dakika ya hamsini," akasema. Kisha akaniuliza jina la yule kijana mpya, na kwao ni wapi, na kama ana viatu.