Seva ya Bangale Ilipojiamsha Yenyewe

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ya mradi mmoja wa mifugo, pale Garsen. Kilichonipa shughuli kubwa kilikuwa mbali kaskazini, Bangale: seva yetu, ile kompyuta kuu iliyotunza taarifa za chanjo za ng'ombe. Aliyekaa nayo alikuwa mama wa Kiorma, mjane, rika langu. Joto likizidi seva iliganda, naye akaniita kwa redio call.

"Kaka, mashine imelala tena."

"Betri inasemaje, dada?"

Alinisomea mita, nami nikamwelekeza azime nini, awashe nini. Tukiisubiri iamke, tulizungumza: mvua, malisho, mguu wa mama yangu uliokataa kupona. Sura yake sikuwahi kuiona.

Mkubwa wetu akachoka na usingizi wa seva. Akanituma nikaiwekee programu ya kujiangalia. Nilifika Bangale juu ya lori la unga, nimejaa vumbi hadi kwenye kope, nikamkuta ameniandalia chai ya maziwa. Tukakaa mbele ya skrini tukipanga viwango. Joto likifika hapa, feni ya pili iwake. Betri ikishuka hapa, seva ihifadhi kazi na ijizime. Umeme ukirudi, ijiwashe. Nikiweka kiwango chini mno, ingejizima kila mchana. Nikikiweka juu mno, ingeungua.

"Weka mahali ambapo haitanitoa kwenye swala," aliniambia.

Tulichomoa waya kuijaribu. Ikajizima taratibu. Tulipourudisha, ikaamka bila kuguswa, naye akapiga makofi. Kisha akanigeukia.

"Sasa mimi na wewe tutaongea nini?"

Nilicheka, nikidhani ananitania. Dereva alikuwa anapiga honi, nikakusanya vifaa vyangu.

Wiki zikapita, redio kimya. Siku moja nikamwita mwenyewe.

"Kuna shida?" aliuliza haraka.

"Hakuna. Nakujulia hali tu."

Sauti ya mkubwa wetu ikaingia katikati: "Redio si ya salamu."

Nikajiambia nitapanda Bangale kumwona. Mvua zikakata barabara, mto ukafurika. Barabara ilipofunguka mama yangu alizidiwa, na baada ya hapo sababu nyingine hazikukosekana. Nilipoita tena, aliitika mwanamume, mlinzi wa pale. Yule mama, alisema, alishaachishwa kazi. Amehamia kwa jamaa zake, pengine Chewele.

Nilimwendea mkubwa wetu kumwuliza mbona hakuniambia.

"Nilidhani unajua," alijibu, kwa upole kabisa. "Si ni wewe uliyeifanya mashine isihitaji mtu?"

Baadaye kazi ilinipitisha Chewele mara mbili. Niliulizia madukani, kwa aibu kidogo, maana sikuweza kueleza yeye ni nani kwangu. Hakuna aliyemfahamu. Mara ya pili nilinunua soda, nikainywa nimesimama, nikarudi kwenye gari.