Vifungo Vyekundu vya Sandarusi

"Mama, kuna mtu anautia maji udongo wangu!"

Mama mkwe akacheka puani. "Maji? Sema mkono wako ndio mbovu. Mtu mzima, kifungo cha shati kinamshinda!"

Vifungo vilikuwa mezani, vimejaa matundu kama chujio. Mkwewe huyo aliyelalamika, mjane, walimwita Sandarusi, kwa utomvu mkavu wa mti aliokuwa akiuyeyusha kutwa, na kwa alivyoganda nyumbani kwa wakwe tangu mumewe afe. Zamani vifungo vyao vilivunjika upesi, na rangi yao ya magome ya miti ikipauka juani. Yeye ndiye aliyeichemsha rangi ile pamoja na udongo mwekundu, akauanika, akaukaanga mpaka ukawa vumbi, ndipo akautia kwenye utomvu wa moto. Kifungo kikagoma kuvunjika, wekundu ukakataa kutoka. Ila udongo ukibaki na unyevu hata chembe, sufuria huumuka povu, na kazi imekwenda na maji.

"Ukiharibu na leo, funga virago," mama mkwe akasema. "Wifi yako kaachika, anakihitaji chumba chako."

Sandarusi akatia vidole kwenye bakuli la udongo. Ubaridi huo! Angeweza kuukaanga upya. Hakuukaanga.

"Basi leo akoroge wifi. Mkono wake si mzima?"

Wifi, asiyejua hili wala lile, akajisogeza kwa madaha. "Lete hapa. Tazama watu wanavyofanya kazi, siyo kulialia."

Mama mkwe akafungua mdomo. Kumzuia binti yake ni kujitaja. Akaufumba.

Udongo ukaingia. Povu likapanda mara moja, likamrukia wifi mkono mzima. "Mama! Nakufa, mama!" Utomvu wa moto hauoshwi, uliganda, na ulipobanduliwa ngozi ikatoka nao.

"Ulijua," mama mkwe akamwambia Sandarusi.

"Na wewe ulijua, mama. Tena kabla yangu."

Habari ya virago haikutajwa tena. Asubuhi mama mkwe akaja mlangoni na sinia la udongo, kaukaanga mwenyewe, macho mekundu kwa moshi.

"Badala ya ule niliokuharibia."

Sandarusi akauchota, akausugua vidoleni. Mkavu.

"Tumemalizana, mama."

Akaumimina wote kikaangoni, akauwashia moto.